Wakazi kutulia si dalili ya malezi mema

Hapa Malindi, familia ikitafuta makao ya kumtunza ndugu mwenye ulemavu wa akili, kwanza hutazama sakafu inayong'aa na ukimya wa wakazi. “Wametulia,” watu husema, na roho zao zikatulia pia. Dhana hiyo inapotosha.

Mtu anaweza kutulia kwa kuwa amepewa dawa za kumlewesha, au amezoea kwamba akiita haji mtu. Winterbourne View, hospitali ya binafsi ya watu wenye ulemavu wa akili karibu na Bristol, Uingereza, ilitoza wastani wa paundi 3,500 kwa wiki kwa kila mgonjwa, na ilikuwa imesajiliwa kisheria. Mwaka 2011 kamera ya siri ya BBC ilionyesha wagonjwa wakipigwa na kudhihakiwa. Wahudumu 11 walihukumiwa mwaka uliofuata.

Basi nenda bila kupiga simu, saa ya kula. Mtazame anayemlisha asiyeweza kujilisha. Ameketi, anangoja tonge limezwe? Au amesimama, kijiko cha pili kimeshafika mdomoni, huku anapiga soga na mwenzake? Hapo utajua mengi kuliko ofisini. Uliza nani huamua saa ya kulala, na kama wahudumu hubadilika kila mara. Kelele kidogo, hata ugomvi wa kipande cha samaki, mimi naiona heri. Wakikwambia wageni ni Jumapili tu, shuku.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008, unampa ndugu huyo haki ya kuchagua aishi wapi na nani. Kwa hiyo aulizwe yeye kwanza, hata kama atajibu kwa ishara.