Nyanya za biashara: tarehe ya kusia mbegu huamuliwa sokoni

Mkulima anapokuja ofisini kuulizia mbegu ya nyanya, swali la kwanza tunalomrudishia ni hili: unataka kuuza mwezi gani? Wengi hushangaa, kwa kuwa wamezoea kuanza na shamba, na soko walitafute matunda yakishakuwa mekundu. Mahindi yanavumilia utaratibu huo maana hukaa ghalani. Nyanya iliyoiva haikai, na dalali analijua hilo kuliko mwenye shamba.

Basi hesabu kurudi nyuma. Miche hukaa kitaluni wiki 3 hadi 4, kisha shambani siku 70 hadi 90 kabla ya mchumo wa kwanza, kutegemea aina ya mbegu na baridi ya eneo. Anayelenga soko la Aprili anasia mbegu Desemba. Katika maeneo mengi ya Tanzania bei huwa nzuri wakati wa masika, kwa sababu bakajani, ugonjwa wa ukungu unaopenda unyevu, hufyeka mashamba mengi na magari hayafiki vijijini. Bei hiyo ina gharama yake: matuta yaliyoinuliwa, miti ya kusimikia ili majani yapate hewa na kukauka upesi, na dawa za ukungu kwa ratiba. Julai hadi Septemba kulima ni rahisi zaidi, na ndiyo maana kila mwenye pampu analima.

Kabla ya kukodi shamba, chukua kalamu. Ekari moja ni takriban mita za mraba 4,000. Ukipanda kwa sentimita 75 kati ya mistari na 50 kati ya miche, inaingia miche kama 10,600. Tuseme gharama zote, pamoja na kodi, vibarua na mafuta ya pampu, zimefika shilingi milioni 3. Kila mche ukikupa kilo moja, kilo imekugharimu shilingi 300 hivi. Ukikupa nusu kilo, imekugharimu karibu 600, na sokoni hakuna atakayekuuliza ilikugharimu ngapi. Ekari mbili zilizohudumiwa nusunusu hupandisha gharama ya kila kilo, kwa hiyo mimi humshauri anayeanza achukue nusu ekari aimudu.

Kwenye mbegu sina maneno mengi. Nunua yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwa muuzaji mwenye duka, utunze risiti na pakiti. Aina za Tanya na Tengeru 97, zilizotoka kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha, mwaka 1997, bado zinafaa kwa mwenye mtaji mdogo. Chotara, yaani mbegu ya kuchanganya aina mbili, huzaa zaidi, ila hulipa kwa yule tu mwenye mbolea na maji ya uhakika. Funika kitalu kwa neti tangu siku ya kwanza ili kuzuia nzi weupe wanaoleta rasta, ugonjwa wa virusi unaokunja majani.

Maji ndiyo yanayowaangusha wengi bila wao kujua. Tunda likianza kuoza kitakoni, doa jeusi lililodidimia upande wa chini, mkulima hukimbilia dukani kununua dawa ya ukungu. Huo si ukungu. Ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na kalsiamu husafiri na maji. Shamba linalokauka siku tano kisha likafurikishwa siku ya sita hutoa kitako cheusi hata kama udongo una kalsiamu tele. Mwagilia kidogo kidogo kwa mpangilio, na tandaza nyasi kavu shinani.

Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, usikisie. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko bakteria, na hauna dawa ya kupuliza. Ng'oa mche na mizizi yake, usiutupe kwenye mfereji. Eneo hilo usilipande nyanya, mbatata, bilinganya wala pilipili kwa misimu kadhaa, panda mahindi.

Halafu kuna kantangaze, nondo mdogo (Tuta absoluta) ambaye viwavi wake hula nyanya, aliyeingia nchini mwaka 2014 hivi. Inua jani lenye mabaka lielekee jua: utamwona kiwavi katikati ya ngozi mbili za jani, na kinyesi chake cheusi pembeni. Akishajificha humo, dawa ya kuua kwa kugusa haimfikii. Weka mitego ya feromoni, yaani harufu inayovuta nondo dume, mapema ili ujue nondo wameingia lini, na okota majani na matunda yaliyotobolewa uyafukie au uyafunge kwenye mfuko mweusi juani. Unapobadilisha dawa, soma kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua, maana chupa mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa dawa ileile, na kantangaze hujenga usugu haraka. Nunua iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali inayosimamia viuatilifu, na heshimu siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuchuma zilizoandikwa kwenye kibandiko hata kama lori limeshapaki barabarani.

Mchumo hufuata umbali wa soko. Nyanya ya Ilula, mkoani Iringa, inayokwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, huchumwa inapoanza kugeuka rangi kitakoni. Ya soko la jirani iache iive zaidi. Chuma asubuhi umande ukishakauka, weka kivulini, na tenga zilizopasuka, kwani moja ikivuja hulowesha zote zilizo chini yake. Bei muikubaliane kwa kilo. Mkiuziana kwa tenga, pima kwanza tenga tupu la mnunuzi, kisha lililojaa, mbele yake na kabla vijana hawajaanza kupakia.