"Medali saba" za Sim Walton maana yake nini?

Mpenzi wa kandanda akitaka kujua mchezaji alikuwa mkali kiasi gani, huuliza amepitia klabu zipi na alisajiliwa kwa bei gani. Kwa Sim Walton maswali hayo hayashiki. Alicheza halingi, mchezo wa fimbo wa Ireland, mwanzoni mwa karne ya 20, na sifa yake hufungwa kwa maneno mawili: medali saba.

Halingi ni mchezo wa ridhaa. Chama chake, GAA, kilichoanzishwa Thurles mwaka 1884, hakilipi wachezaji mshahara. Mtu huchezea klabu ya kwao, na akiwa hodari huitwa na kaunti yake. Kwa Walton ni Tullaroan, kisha Kilkenny, basi. Medali zinazohesabiwa ni za ubingwa wa Ireland nzima, unaogombewa na kaunti. Kilkenny walilibeba taji hilo 1904, 1905, 1907, 1909, 1911, 1912 na 1913, na Walton alikuwamo mara zote. Wenzake Jack Rochford na Dick Walsh nao wanazo saba.

Ila medali hazilingani uzito. Ya 1905 ilipatikana baada ya fainali kurudiwa: Cork walishinda kwanza, yakazuka malalamiko kuhusu wachezaji wasiostahili. Ya 1911, Walton akiwa nahodha, ilikuwa ushindi wa mezani. Fainali na Limerick haikuchezwa kwa sababu uwanja wa Cork ulijaa maji. Ilipohamishiwa Thurles, Limerick wakagoma.

Kwangu mimi tamu ni ya 1912, Walton nahodha tena: Kilkenny 2-1, Cork 1-3. Mgeni akiona hivyo anadhani Cork wameshinda au ni sare. Namba ya kwanza ni mabao, ya pili ni pointi. Milingoti ina umbo la H: mpira ukiingia chini ya mwamba ni bao, sawa na pointi 3, ukipita juu yake ni pointi 1. Piga hesabu uone: 7 kwa 6.

Na ukikutana na picha ya kikosi cha kabla ya 1913, usishangae wingi wa watu. Timu ilikuwa na wachezaji 17 uwanjani. 15 walianza mwaka huo, Walton akichukua medali yake ya saba.