Kwa Nini Kanisa? Mlipuko wa Birmingham, 1963

Tunapofundisha historia ya kupigania haki za kiraia Marekani, vijana huuliza: kwa nini makanisa yalilipuliwa? Mwenye chuki angeweza kumvizia mtu barabarani au nyumbani kwake, na wengi walifanya hivyo. Nyumba ya ibada iliwakosea nini?

Jibu liko kwenye mkate wa kila siku. Katika majimbo ya Kusini, mwalimu Mweusi aliajiriwa na serikali ya Wazungu, na mfanyakazi wa ndani na mkulima walitegemea bwana Mzungu. Ukijiandikisha kupiga kura, kesho huna kibarua. Kanisa lilikuwa la waumini wenyewe, limejengwa kwa sadaka zao, na mchungaji alikula kwao. Huko ndiko watu walikokutana, wakachangishana fedha na kupanga maandamano bila kumwomba mtu ruhusa. Waliolenga kanisa walijua wanalenga nini.

Birmingham, Alabama, ililipuliwa mara nyingi hadi watu wakaibandika jina la Bombingham. Usiku wa Krismasi 1956 bomu lilibomoa nyumba ya Mchungaji Fred Shuttlesworth, kiongozi wa harakati hizo mjini, ubavuni mwa kanisa lake la Bethel. Akatoka mzima kwenye kifusi, na kesho yake waumini wakapanda mabasi na kukaa kwenye viti vya Wazungu.

Mei 1963 ikawa zamu ya watoto. Walitoka kwa mamia katika Kanisa la Kibaptisti la 16th Street kuandamana kupinga ubaguzi, wakiimba, nao polisi wa Bull Connor, kamishna wa usalama wa mji, wakawakabili kwa mbwa na mipira ya maji ya zimamoto. Dunia ikaona picha zile. Wafanyabiashara wa mji wakakubali kulegeza ubaguzi madukani, na mapema Septemba watoto Weusi wakaingia katika shule zilizokuwa za Wazungu peke yao.

Jumapili ya Septemba 15, saa 4:22 asubuhi, baruti iliyotegwa chini ya ngazi za kanisa hilo ikalipuka. Katika chumba cha chini wasichana walikuwa wakijiweka sawa kabla ya ibada. Addie Mae Collins alikuwa akimfunga Denise McNair mshipi wa gauni. Walikufa Addie Mae, Cynthia Wesley na Carole Robertson, wote wa miaka 14, na Denise wa miaka 11. Sarah, mdogo wake Addie Mae, aliokolewa akiwa hai lakini akapoteza jicho la kulia. Alikuwa na miaka 12. Kabla siku haijaisha, wavulana wawili Weusi, Johnny Robinson na Virgil Ware, walipigwa risasi wakafa, mmoja kwa mkono wa polisi.

Yaliyofuata yanauma kama bomu lenyewe. Robert Chambliss wa Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu wabaguzi, alitozwa faini ya dola 100 kwa kukutwa na baruti. Kufikia 1965 wapelelezi wa FBI, shirika la upelelezi la serikali ya Marekani, walikuwa na majina ya washukiwa wanne, lakini mkurugenzi wao, J. Edgar Hoover, alizuia ushahidi usifike kwa waendesha mashtaka. Mwaka 1968 jalada likafungwa.

Alilifungua tena Bill Baxley, Mwanasheria Mkuu wa Alabama, na mwaka 1977 Chambliss akapatikana na hatia ya mauaji. Thomas Blanton alihukumiwa mwaka 2001, Bobby Frank Cherry mwaka 2002. Wa nne, Herman Cash, alikuwa ameshakufa bila kushtakiwa. Watoto wale wangekuwa na wajukuu.

Sarah alitoa ushahidi dhidi ya Chambliss, akaishi hadi wote watatu wakahukumiwa. Msamaha rasmi wa jimbo ulimfikia kwa barua ya gavana mwezi Septemba 2020, miaka 57 baada ya asubuhi ile.