Elimu kwa umma: Benki ikifungiwa, fedha zako hazijaliwa, ila lazima uje uzidai

Tangu tuanze kampeni ya elimu ya fedha katika Jiji la Tanga na wilaya za jirani, kuna swali ambalo hatulikwepi popote tunaposimama, iwe soko la Mgandini, Makorora au kwenye gulio la Muheza: benki ikifungwa, si serikali inakula hela za watu? Wengine hawaulizi, wanatangaza. Wanaosikia nao wanatoa fedha benki na kuzirudisha chini ya godoro, au wanazipeleka kwa mtu asiye na leseni anayeahidi kuzizidisha. Malalamiko ya aina hiyo yanazidi kutufikia, na ndiyo sababu ya makala haya.

Jibu fupi ni kwamba hapana. Kwa mujibu wa Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006, amana, yaani fedha zilizowekwa benki, za kila mteja wa benki yenye leseni zinalindwa na Bodi ya Bima ya Amana. Kikomo cha fidia sasa ni shilingi 7,500,000 kwa mteja mmoja katika benki moja. Hadi mwanzoni mwa 2023 kilikuwa shilingi 1,500,000. Mteja halipii bima hiyo hata senti. Benki ndizo zinazochangia mfuko, kila moja kulingana na ukubwa wa amana inazozitunza.

Najua jibu fupi halimtoshi mtu aliyeishi miaka ya themanini. Wazee wetu hutuambia kwamba enzi za Mwalimu benki hazikufungwa, na kwamba haya ya kufungafunga yameletwa na soko huria. Kwamba hazikufungwa ni kweli. Lakini kwamba fedha za watu zilikuwa salama, hilo si kweli, na naomba nilieleze kwa kirefu kwa sababu ndipo mzizi wa mfumo tulionao ulipo.

Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki binafsi zilitaifishwa na ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba karibu shughuli zote za benki za biashara Tanzania Bara. Ilikopesha mashirika ya umma, mamlaka za mazao na vyama vya ushirika, na mara nyingi ilikopesha kwa maelekezo, si kwa kupima kama mkopaji ataweza kulipa. Sisi wa Tanga tunaujua mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na mkoa huu ndio uliokuwa moyo wa zao hilo. Kisha zikaja kamba za nailoni, bei ikaporomoka duniani, mashamba yakataifishwa, uzalishaji ukashuka mwaka hadi mwaka mpaka ukawa chini ya tani 40,000. Mashamba yale yalihitaji mishahara, mafuta na vipuri hata pale singa zilipokuwa haziuziki kwa bei ya maana. Mikopo iliendelea kutoka. Marejesho hayakurudi.

Ukiongeza kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta na ukame, utaelewa kwa nini hazina ya fedha za kigeni ilikauka. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawahitaji kuelezwa habari za foleni ya sabuni, sukari na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Serikali ilikopa kwenye mabenki kuziba pengo, na mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 30 kwa mwaka.

Sasa piga hesabu. Bei zikipanda kwa asilimia 30 kila mwaka kwa miaka 10, shilingi 1,000 uliyoiweka benki mwanzoni, ukiitoa mwishoni, itakununulia bidhaa zilizokuwa zikiuzwa kama shilingi 73. Riba haikukaribia kuziba tofauti hiyo. Hakuna tawi lililofungwa, hakuna mteja aliyeambiwa fedha zake hazipo, kitabu kilisomeka vilevile. Hata hivyo sehemu kubwa ya akiba iliyeyuka, na hakuna aliyekuja kumlipa mtu yeyote fidia. Anayesema zamani watu hawakupoteza fedha benki anatazama tarakimu kwenye kitabu, hatazami zilinunua nini.

Wachumi hawakukaa kimya. Katika Idara ya Uchumi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwapo wasomi kama Benno Ndulu na Ibrahim Lipumba, na mjadala wa miaka ile kuhusu kushusha thamani ya shilingi ulikuwa wa hadharani na mkali. Wapo waliosema kuishusha ni kuwaumiza wanyonge, wapo waliosema mnyonge ameshaumia, anayefaidi bei ya dola ya serikali ni mlanguzi. Mwaka 1986, katika makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, dola iliyokuwa takriban shilingi 17 ilipandishwa hadi shilingi 40. Miaka miwili baadaye Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Charles Nyirabu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, ichunguze mfumo wa mabenki. Taarifa yake ya 1990 ndiyo iliyozaa Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991. Sheria hiyo iliruhusu benki binafsi, ikaipa Benki Kuu meno ya kusimamia, na ikaanzisha bima ya amana iliyoanza kazi mwaka 1994. NBC yenyewe iligawanywa mwaka 1997, na kufikia 1999 mfumuko wa bei ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10.

Kwa hiyo benki kufungwa ni sehemu ya usimamizi. Hasara inaonekana, inapewa tarehe, na mwenye amana anajua pa kwenda kudai. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995. Mei 2017 ilifutiwa leseni benki ya FBME, na mwezi huohuo Benki ya Wananchi Mbinga. Tarehe 4 Januari 2018 Ndulu huyohuyo, safari hii akiwa Gavana, alitangaza kufungwa kwa benki 5 kwa siku moja kwa sababu ya upungufu wa mtaji. Si kila benki yenye matatizo hufikia hapo. Twiga Bancorp iliunganishwa na Benki ya Posta mwaka 2018, na wateja wa Bank M walihamishiwa Benki ya Azania mwaka uliofuata. Wateja wa namna hiyo hawana haja ya kudai kitu, akaunti zao zinahama na wanaendelea.

Linalotusikitisha ni jingine. Fedha za fidia zipo, watu hawaji.

Pale Makorora alikuja mama mmoja baada ya mkutano, akasubiri wenzake waondoke. Alifungua kitambaa, ndani ya kitambaa mfuko wa rambo, ndani ya rambo kitabu cha benki moja ya wananchi ya huko alikokuwa akiishi na marehemu mumewe kabla ya kurudi kwao Tanga. Kurasa zilikuwa zimegandana kwa unyevu. Salio la mwisho lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu, shilingi 214,000, na muhuri wa tawi ulisomeka vizuri. “Mwanangu, hizi si zilishazama?” Nikamwambia hapana mama, hazijazama, ni zako. Akaniuliza kwa nini basi hakuna aliyemtafuta. Swali lake ni la haki. Matangazo yalitolewa magazetini na redioni, lakini mtu aliyehama mkoa na kubadilisha laini ya simu tangazo halimfikii.

Utaratibu wenyewe ni huu, na naomba usomwe taratibu kwa sababu makosa mengi hutokea hapa.

Benki Kuu ikishafuta leseni, humteua mfilisi, yaani anayekusanya mali za benki na kuwalipa wanaoidai, na kwa kawaida mfilisi ni Bodi ya Bima ya Amana. Bodi hupokea vitabu vya benki, huhakiki orodha ya wateja na salio la kila mmoja, kisha hutangaza lini na wapi malipo yatafanyika. Mteja hufika mwenyewe akiwa na kitambulisho, cha Taifa kikiwa bora zaidi, pamoja na uthibitisho wowote wa akaunti: kitabu, kadi, taarifa ya benki, hati ya kuweka amana ya muda maalumu. Aliyepoteza kitabu asikae nyumbani. Jina lake linatafutwa kwenye kumbukumbu, kitabu ni msaada tu. Kama jina la kitambulisho na la akaunti yanatofautiana, jambo la kawaida sana kwetu ambako mtu anaitwa Mwanaidi benki na Mwanahidi kwenye kadi ya kura, nenda kwa wakili au mahakamani ukaape kiapo cha majina kabla ya kupanda basi.

Akaunti zote za mtu mmoja katika benki moja hujumlishwa, hata zikiwa matawi tofauti. Mwenye shilingi 5,000,000 kwenye akaunti ya akiba na 4,000,000 kwenye amana ya muda maalumu katika benki ileile ana jumla ya 9,000,000. Atalipwa 7,500,000 na mfuko wa bima. Zile 1,500,000 hazifutwi. Zinaingia kwenye orodha ya madai ya ufilisi, naye atalipwa kadiri mali za benki zinavyouzwa na wadaiwa wanavyolipa. Hilo huchukua muda, wakati mwingine miaka, na si ajabu asilipwe zote. Angeziweka benki mbili, kila moja chini ya kikomo, angelindwa shilingi kwa shilingi. Wafanyabiashara wa samaki pale Deep Sea wenye mtaji mkubwa walitazame hili.

Mwenye mkopo katika benki iliyofungwa: deni linakatwa kwanza, unalipwa kinachobaki. Na benki kufungwa hakufuti mkopo. Mfilisi analidai deni na ana haki ya kwenda mahakamani na kukamata dhamana. Kila mahali tunakutana na mtu aliyeacha kulipa marejesho siku aliposikia tangazo, akidhani amepona. Hajapona.

Mwenye akaunti akiwa amefariki, halipwi mtoto mkubwa kwa kuwa ni mkubwa, wala halipwi mtu kwa barua ya serikali ya mtaa peke yake. Ukoo ukae kikao na muhtasari uandikwe, kichukuliwe cheti cha kifo cha RITA, lifunguliwe shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo, tangazo litolewe ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha mahakama itoe barua ya usimamizi, ile ambayo wengi wanaijua kwa Fomu Namba 4. Msimamizi ndiye anayelipwa, na fedha hizo si zake, ni za warithi. Akizitumia anajibu mashtaka. Yule mama wa Makorora, kwa kuwa kitabu kilikuwa na jina la mumewe, ndiyo njia tuliyomwelekeza.

Sasa nije kwenye dhana inayotuchosha kuliko zote: kwamba kila panapowekwa fedha kuna bima. Hapana, jamani. SACCOS haimo. VICOBA haimo. Kikundi cha kina mama kinachofungua kisanduku kila Ijumaa hakimo, hata kama kimesajiliwa halmashauri na kina katiba na mihuri. Vyombo hivi vina sheria yao, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na SACCOS zinasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Ni vyombo vizuri na vimesomesha watoto wengi wa mkoa huu. Lakini vikianguka, Bodi ya Bima ya Amana haitakulipa, na kutukasirikia sisi hakubadilishi sheria.

Anayekopesha kwa riba za kausha damu bila leseni anavunja sheria hiyohiyo. Anayepokea amana za umma bila leseni ya Benki Kuu anatenda kosa la jinai, na anayeendesha upatu, ule wa kuwalipa wa kwanza kwa fedha za wanaofuata, anashtakiwa chini ya Kanuni ya Adhabu. Wengi mnaikumbuka DECI, taasisi iliyokusanya fedha za watu kwa ahadi ya kuzizidisha, na habari zake za kupanda mbegu na kuvuna. Mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani viongozi wake 4 kwa kuendesha upatu na kupokea amana bila leseni, adhabu ikawa kifungo cha miaka 3 au faini ya shilingi milioni 21 kila mmoja. Waliopanda mbegu hawakuwa na bima, kwa sababu hakukuwa na benki. Hata hivyo bado tunaletewa malalamiko ya watu waliotuma fedha kwa kundi la simu ambalo hawajui hata mwenye nalo ni nani, nao wanataka tuwarudishie. Mchango wa bima unatoka kwenye benki zenye leseni na unalipa wateja wa benki hizo tu. Ukiona mwaliko wa namna hiyo, peleka taarifa polisi au Benki Kuu kabla hujatuma fedha.

Kama ulikuwa na akaunti Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera, Benki ya Wananchi Meru, Mbinga au FBME na hujawahi kulipwa, wasiliana na Bodi ya Bima ya Amana ukiwa na kitambulisho na uthibitisho wowote wa akaunti, hata salio likiwa dogo kiasi gani. Kwa wateja wa benki hizo, kikomo kinachotumika ni kile kilichokuwepo siku leseni ilipofutwa, yaani shilingi 1,500,000, si kiwango kipya. Piga simu kwanza uulize kama jina lako lipo kwenye orodha, ndipo ukate tiketi.