Damu ya kuongezewa katika upasuaji wa saratani ya ini

Familia ikiambiwa mgonjwa wao atapasuliwa ini, hukimbilia kutafuta damu. Vijana wanaitwa kutoka Ahero na Bondo, wengine wanapanda basi la usiku kutoka Nairobi, kisha mzee wao ananiuliza: "Daktari, si mngemwongezea painti mbili mapema apate nguvu?" Mimi ni daktari wa dawa ya usingizi hapa Kisumu, na humjibu, "Hapana, mzee wangu. Damu iwe tayari, lakini tutajitahidi isitumike."

Kila dakika ini hupitiwa na takriban lita moja na nusu ya damu, karibu robo ya yote inayosukumwa na moyo. Damu hiyo hutoka kwenye ini kupitia vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zinazoingia katika vena kuu iendayo moyoni, na vena hizo hazina vali. Vena kuu ikijaa, damu hurudi nyuma na kububujika palepale mpasuaji anapokata. Ndiyo maana mimi huipunguza dripu mpaka kipande chenye uvimbe kitoke, presha ya vena kuu ikae chini ya milimita 5 za zebaki. Si jambo rahisi: maji yakipungua mno, figo zinaumia na presha ya mgonjwa inaporomoka, kwa hiyo sibanduki kwenye mashine. Mpasuaji naye hubana mishipa inayoingiza damu kwenye ini, mbinu aliyoieleza mpasuaji James Hogarth Pringle wa Glasgow mwaka 1908. Siku hizi wengi hubana dakika 15 na kuachilia dakika 5.

Taabu yote hii ina sababu. Tafiti nyingi zilizofuatilia wagonjwa waliokatwa saratani ya ini zimeona kwamba walioongezewa damu ndio saratani huwarudia zaidi, na huishi muda mfupi zaidi. Inadhaniwa kwamba damu ya mtu mwingine, hasa chembe nyeupe zilizomo, hulegeza kinga ya mwili, kinga ileile inayopaswa kuwinda mabaki ya saratani. Mwaka 1973 Gerhard Opelz na wenzake walionyesha kwamba figo za kupandikizwa zilidumu zaidi kwa watu waliokuwa wameongezewa damu hapo awali. Kinga iliyolegea ni heri kwa mwenye figo mpya. Kwa mwenye saratani ni hatari.

Hata hivyo, tujiulize ni nani huongezewa damu. Ni mwenye uvimbe mkubwa, mwenye ini lililojaa makovu, aliyefika hospitali damu ikiwa tayari imepungua. Huyo yuko hatarini hata asipoguswa na painti moja. Katika saratani ya utumbo mpana, utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 1993 uliwapa baadhi ya wagonjwa damu yao wenyewe iliyohifadhiwa na wengine damu ya wachangiaji. Matokeo ya makundi hayo mawili hayakutofautiana, ila waliohitaji damu, hata iwe yao wenyewe, walirudiwa na saratani zaidi ya wasioihitaji. Kwangu mimi hilo linasema mengi: sehemu kubwa ya lawama ni ya hali iliyomfanya mgonjwa ahitaji damu.

Kwa hiyo siogopi kuitumia inapobidi. Mgonjwa akivuja damu kwa kasi, sisubiri majibu ya maabara. Kwa anayevuja polepole na moyo wake ni mzima, mimi husubiri himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ikaribie gramu 7 kwa desilita. Mwenye ugonjwa wa moyo simwachi ashuke chini ya 8. Wapo waliotarajia traneksamiki asidi, dawa ya kuzuia damu kuvuja, itupunguzie mzigo, lakini utafiti mkubwa wa upasuaji wa ini uliochapishwa mwaka 2024 haukuona ikipunguza uvujaji, na madhara yaliongezeka.

Ninachoomba familia zifanye huanza wiki kadhaa kabla. Huku kwetu kando ya ziwa watu wengi wanatembea na damu pungufu kwa sababu ya malaria, minyoo au lishe, na mwenye ini bovu huenda anavuja damu tumboni bila kujua. Yote hayo yana matibabu, lakini yanahitaji muda. Siku mnayopewa tarehe ya upasuaji, ulizeni himoglobini ya mgonjwa ni ngapi, na kama iko chini, ulizeni inapungulia wapi na matibabu yaanze lini.