Bata wa mti ni chombo cha kazi: tunayoyakosea kuhusu ndege chambo wa Marekani

Mwaka 2007 ndege wawili wa mbao waliochongwa na Elmer Crowell wa East Harwich, Massachusetts, waliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 1.1 kila mmoja. Mmoja ni bata dume mwenye mkia mwembamba mrefu, amegeuza shingo anajichambua manyoya. Wa pili ni bata bukini wa Kanada. Bei za namna hiyo zikitajwa, mtu humkumbuka bata wa mti aliyesahauliwa darini, akamshusha, akamsugua kwa sabuni, na kabla jua halijazama amekwisha kumwondolea nusu ya thamani yake.

Ninaishi Maryland, na ugonjwa huu wa kukusanya ndege wa mbao nimeupata huku. Wengi wanaoniuliza habari zake huja na mawazo yaleyale, na karibu yote yana kosa moja: wanamtazama ndege huyu kama sanamu ya sebuleni. Yeye alikuwa chombo cha kazi, kama jembe au dema la samaki.

Kwanza tuelewane maana. Ndege chambo ni ndege bandia anayewekwa aelee majini au kuchomekwa ufukweni ili wa kweli wanaopita angani wamwone, waamini pale pana chakula na usalama, washuke. Bunduki inawangoja. Waliokulia magharibi mwa Kenya hawahitaji maelezo marefu: kware anatiwa kwenye kikapu, kikapu kinatundikwa juu ya mti mrefu, analia alfajiri na wenzake wanaingia mitegoni. Wamarekani nao walitumia bata hai waliofugwa kwa kazi hiyohiyo, hadi sheria ilipowapiga marufuku mwaka 1935. Wa mbao waliruhusiwa, na wanaruhusiwa mpaka leo.

Dhana: “Walichongwa wawe vitu vya kupendeza.”

Mchongaji wa karne ya 19 angekushangaa. Wakati huo, kabla sheria haijaingia kati, kuwinda bata kulikuwa biashara kamili. Nyama ilijazwa kwenye mapipa, ikapanda treni, ikaishia kwenye hoteli za Baltimore, Philadelphia na New York. Mwindaji wa biashara hakuhitaji bata mmoja mzuri. Alihitaji mia, mia mbili, mia tatu, na aliwanunua kwa dazeni kama mtu anunuavyo misumari.

Nenda Havre de Grace, pale mto Susquehanna unapoingia ghuba ya Chesapeake, mji wenye jumba zima la makumbusho ya ndege hawa. Zamani, kwenye maji yale ya kina kifupi, mwindaji alilala chali ndani ya kisanduku kama jeneza, mwili ukiwa sawa na uso wa maji, kisanduku kikiwa na mabawa ya mbao na turubai pande zote ili mawimbi yasimfunike. Ili kisanduku kizame hadi usawa wa maji, juu ya mabawa yale walipangwa bata wa chuma. Ndiyo, chuma cha kusubu, wazito wa kuvunja kidole cha mguu. Kuzunguka hapo walielea mamia ya bata wa mbao. Mtindo huo nao ulipigwa marufuku mwaka 1935, ukaacha nyuma marundo ya bata wasio na kazi. Wapo waliotumika kuzuia mlango usijifunge, na wapo waliochochewa motoni kama kuni.

Ukishajua kazi yake, umbo linaanza kusema. Bata wa Chesapeake ya juu ni mzito, kipande kizima, tumbo la mviringo, kwa sababu alibebwa na mashua kubwa. Wa pwani ya New Jersey ni mwepesi: vipande viwili vya mwerezi vilivyokombwa ndani na kuunganishwa, kwa kuwa mwindaji wa huko alikuwa peke yake ndani ya kidau kidogo na kila ratili ilihesabiwa. Harry Shourds wa Tuckerton alikuwa fundi wa aina hiyo, na ukimgeuza bata wake utaona kipande cha madini ya risasi cha mstatili kilichomiminwa ndani ya tumbo ili ndege asipinduke. Mkononi unajua umeshika mwerezi wa wapi kabla hujauliza.

Dhana: “Ni ubunifu wa walowezi kutoka Ulaya.”

Mwaka 1924, ndani ya pango la Lovelock huko Nevada, waakiolojia walikuta bata 11 waliosukwa kwa matete, wengine wamepakwa rangi na kuvalishwa manyoya ya ndege halisi. Umri wao ni kama miaka 2,000. Ni wa aina inayotambulika mara moja: bata mkubwa wa kupiga mbizi, mwenye kichwa cha rangi ya kutu na paji linaloteremka moja kwa moja hadi mdomoni. Walikuwa wamehifadhiwa kwa uangalifu, kama mvuvi anavyokunja nyavu zake akitarajia kurudi msimu ujao.

Walowezi waliona wenyeji wakitega kwa namna hiyo, wakaleta shoka na mbao. Mbao ilidumu kuliko matete, basi.

Dhana: “Kadiri anavyofanana na ndege wa kweli, ndivyo anavyokuwa bora.”

Hapa nabishana na watu wengi, na sikubali kushindwa. Bata aliye angani haoni unyoya mmojammoja. Anaona umbo, mkao, na mahali rangi nyeupe inapokutana na nyeusi. Mchongaji hodari alijua aache nini. Alijua pia kwamba shingo iliyonyooshwa ni alama ya hofu, ndiyo maana kundi zuri lilikuwa na wengi waliotulia, mmoja au wawili waliolaza kichwa mgongoni, labda mmoja anayejichambua. Rangi haikupaswa kung'aa, kwani mng'ao juani huwafukuza ndege.

Chukua vitwitwi na sululu, ndege wa ufukweni, wa mbao waliochomekwa kwenye matope kwa kijiti. Wengine ni ubao mwembamba tu wenye msumari badala ya mdomo. Obediah Verity wa Seaford, Long Island, alichonga wa kwake wakiwa wanene, jicho limekatwa moja kwa moja kwenye mti, bawa limeonyeshwa kwa mkato mmoja uliopinda. Ukimweka mezani huwezi kupita bila kumtazama. Hakuna kitwitwi wa kweli mwenye umbo lile, na bado ni kitwitwi mtupu.

Hao wa kuchongwa kila unyoya mpaka unataka kuupuliza ni tawi jingine, la mapambo na mashindano, lililostawi baadaye. Ndugu wawili wa Crisfield, Maryland, Lemuel na Stephen Ward, vinyozi kwa kazi yao ya kila siku, walianza na bata wa kuwindia na kuishia huko. Nawaheshimu. Lakini kati ya bata wao wa awali, wenye mashavu manene na vichwa vilivyogeuka kidogo kama wamesikia jambo, na wale wa mapambo wa uzeeni, mimi nachukua wa awali.

Aliyekuwa wa kwanza kusema kwa sauti kwamba hii ni sanaa ya watu wa kawaida alikuwa Joel Barber, msanifu majengo wa New York, aliyechapisha kitabu juu yao mwaka 1934. Mkusanyo wake leo uko katika jumba la makumbusho la Shelburne, Vermont. Kabla yake, bata hawa walikaa pamoja na makasia na kamba kuukuu.

Dhana: “Herufi zilizochomwa tumboni ni jina la mchongaji.”

Hili lilinigharimu wiki tatu. Nilimnunua bata wangu wa kwanza Jumapili moja kwenye gulio la vitu vikuukuu, dola 45, tumboni ana herufi mbili zilizochomwa kwa chuma cha moto. Muuzaji akaapa kuwa ni sahihi ya fundi maarufu. Nikapekua vitabu, nikaandikia watu, nikaota utajiri. Mwishowe mzee mmoja mkusanyaji alimgeuza bata, akacheka kwa upole, akasema: “Bwana mdogo, hii ni alama ya ng'ombe.”

Ndivyo ilivyo. Mwindaji mwenye bata mia mbili aliwatia chapa kama mfugaji, ili siku ya upepo wakichanganyika na wa jirani kila mtu ajue wake. Chapa ni ya mwenye mali: mwindaji, klabu yake ya uwindaji, au mashua. Wachongaji wengi hawakutia sahihi kabisa, kwa nini watie? Wapo walioacha alama, mfano Nathan Cobb wa Virginia aliyekata herufi N tumboni, lakini kwa kawaida fundi hutambuliwa kwa mkono wake: anavyounga shingo, anavyochora pua ya mdomo, anavyoacha alama za kisu chini ya mkia. Hata hivyo chapa ina faida. Ikijulikana ni ya klabu fulani, bata anapata historia.

Na tukisema “mkono wa fundi”, mara nyingi ni mikono miwili. Kwenye mto Illinois, bata waliochongwa na Charles Perdew wa mji wa Henry walipakwa rangi na mkewe Edna, na wa Robert Elliston vilevile na mkewe Catherine. Bei hulipwa kwa rangi zaidi ya mbao, halafu jina linaloandikwa ni la mume peke yake.

Dhana: “Akichakaa, mpake rangi upya.”

Usimguse! Kama utakumbuka jambo moja tu, liwe hili. Rangi ya kwanza, hata iliyobanduka nusu, ndiyo inayotenganisha bata wa maelfu ya dola na bata wa kushikia mlango. Ukimpaka upya umeifunika kazi ya fundi kwa kazi yako. Sabuni, mafuta ya fanicha na vanishi vina hatia ileile.

Kuna utata mmoja hapa. Wawindaji wenyewe waliwapaka bata wao rangi karibu kila baada ya misimu michache, maana chumvi na jua havina huruma. Kwa hiyo bata wengi wa kweli wana koti mbili tatu juu ya lile la kwanza, na hayo si udanganyifu, ni maisha yao. Wataalamu wengine huyabandua pole pole kwa kisu kidogo chini ya kioo cha kukuza, wakitafuta koti la mwanzo. Ni kazi ya majuma, na ukikosea umekosea.

Udanganyifu ni kitu kingine. Taa ya urujuanimno huonyesha rangi mpya iliyofichwa juu ya ya zamani, na picha ya eksirei hufichua shingo iliyovunjika ikaungwa, au msumari wa juzi ndani ya mti wa zamani. Bila vifaa hivyo, soma uchakavu. Bata wa kazi alitupwa ndani ya gunia na wenzake: ataumia ncha ya mdomo, ncha ya mkia na mbavu. Bata wa tapeli ameumia kila mahali kwa kipimo sawa, kama suruali iliyochanwa dukani.

Dhana: “Wa kiwandani ni takataka.”

Kiwanda cha Mason cha Detroit kilifanya kazi kati ya 1896 na 1924, miili ikikatwa kwa mashine ya kukereza na rangi ikipakwa kwa mkono. Kilikuwa na madaraja, na bata wake wa daraja la juu wenye rangi safi hutafutwa sana. Kinyume chake, mti uliochongwa vibaya na mjomba wa mtu mwaka 1910 ni mti uliochongwa vibaya. Uzee peke yake haumwongezei kitu.

Dhana: “Ndege hawa wa mbao ndio waliomaliza ndege wa Marekani.”

Kilichowamaliza ni soko, bunduki na ukosefu wa sheria. Mkataba wa ndege wahamao kati ya Marekani na Uingereza, iliyosaini kwa niaba ya Kanada, ulitiwa sahihi mwaka 1916, sheria ya ndege wahamao ikafuata 1918 na kuzuia kuwauza. Kufikia 1928 karibu ndege wote wa ufukweni walikuwa hawawindwi tena. Ndiyo sababu sululu na vitwitwi wa mbao ni adimu kuliko bata: mafundi waliacha kuwachonga kwa kuwa kazi yao ilikwisha, wakati bata waliendelea kuchongwa hadi plastiki ilipoingia baada ya vita vya pili vya dunia.

Bata wangu wa dola 45 bado ninaye. Mzee yule aliniambia si wa fundi yeyote anayemjua, na muuzaji alikuwa amempiga vanishi nzito siku chache kabla ya gulio. Sikuigusa. Upande wa kushoto wa shavu, chini ya vanishi na makoti matatu ya rangi, kuna marisau matatu, vijirisasi vya bunduki ya kuwindia ndege, yaliyonasa ndani ya mwerezi. Ukipitisha kidole unayahisi. Kuna asubuhi moja mwindaji alilenga chini mno.