Je, wajua kwa nini picha ya kichwa hutoka safi, na bado mtoto ameumia?

Mtoto wa miaka mitano anateleza mwembeni huko Nyalenda, Kisumu, na kuangukia kichwa. Anatapika mara mbili, anakimbizwa hospitali, anapigwa picha ya CT, yaani eksirei za pembe nyingi zinazounganishwa na kompyuta. Fuvu halina ufa, damu haijavilia. Mama anarudi nyumbani na bahasha kubwa ya kaki kwapani, moyo umetulia.

Miaka saba baadaye yuko Gredi ya 7. Ukimtuma dukani sukari, chumvi na kiberiti, analeta sukari peke yake, na chenji hajui aliiweka wapi. Walimu wanamwita mvivu.

CT, iliyompiga mgonjwa wa kwanza picha London mwaka 1971, ni hodari wa mfupa na damu mbichi, yaani yale yanayoweza kumuua mtoto usiku uleule. Kazi hiyo inaiweza. Lakini ubongo ni laini, na kichwa kikitikisika kwa nguvu, nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu zake huvutika, nyingine hukatika. Hizo CT haizioni. MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, huona zaidi. Kuna aina yake inayofuatilia maji ndani ya ubongo. Kwenye nyuzi nzima maji hufuata mkondo mmoja, zikiharibika hutawanyika ovyo.

Na mbona shida ichelewe hivyo? Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ile ya kupanga, kukumbuka maagizo na kujizuia, haikomai mpaka mtu apite miaka ishirini. Mtoto wa miaka mitano hupangiwa kila kitu na mama. Gredi ya 7 inakuja na masomo mengi, kila somo na mwalimu wake. Ni kama chumba kisichowahi kuwashwa taa: hujui waya umekatika hadi siku ya kubonyeza swichi.

Mtafiti wa ubongo Margaret Kennard wa Marekani, akifanya majaribio kwa nyani miaka ya 1930, aliona walioumia ubongo wakiwa wachanga walirudisha mwendo vizuri kuliko wakubwa. Watu wakalivuta jambo hilo hadi kwenye akili nzima. Walikosea: kwa umakini na kupanga, aliyeumia vibaya akiwa mdogo sana mara nyingi ndiye hubaki nyuma zaidi.

Leo daktari akimuuliza yule mama kama mwanawe aliwahi kuumia kichwa, atajibu hapana, picha ilikuwa safi.